Harudi huyu

Swali lenu la wiki hii, kama filamu ya kusisimua ianze kwa kuonyesha hatari au kwa kuificha, limenigusa penyewe. Nilitaka kujibu haraka: ifichwe! Halafu nikagundua kwamba hasira yangu haiwahusu waongozaji hata kidogo. Inawahusu wanaotangulia kutoboa siri, na wa kwanza wao ni jamaa mmoja aliyekuwa akitafsiri filamu kwenye kibanda umiza kule Pangani, mwaka 1996.

Kiingilio shilingi 50, sakafu mchanga mtupu, jenereta inaunguruma nje. Mkanda ulikuwa wa Jaws, ile filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975 kuhusu papa anayekula watu. Wengi mle ndani walikuwa wavuvi na watoto wa wavuvi. Papa tulimjua kwa mchuzi wa nazi.

Vijana wameota moto ufukweni usiku. Binti mmoja anainuka, anakimbilia baharini, kijana mlevi anamfuata akipepesuka. Binti alipoanza kuvua nguo, mwenye kibanda aliruka na kanga akaziba kioo, maana watoto tulikuwamo. Kanga ilipoondoka, binti keshaingia majini. Hapo ndipo mtafsiri akasogeza kipaza sauti mdomoni, akasema taratibu: "Mtazameni vizuri huyu mama. Harudi huyu."

Nilimchukia. Nilikuwa na miaka 11, nimedunduliza ile hamsini siku tatu, na mtu ananimalizia filamu kabla haijaanza. Kisa hiki nimewasimulia watu miaka yote kama mfano wa kuharibu filamu.

Lakini sasa naandika, na kilichofuata kinanirudia chote. Kamera ilishuka chini, ikamtazama binti kutokea kilindini, miguu yake ikicheza juu kwenye mwanga. Muziki wa John Williams ukaanza, noti mbili zinazopokezana. Hakuna aliyekohoa. Alipovutwa mara ya kwanza ilikuwa kidogo tu, kama chelezo samaki anapoonja chambo. Mzee aliyekaa mbele yangu, nahodha wa jahazi, akapandisha miguu yote miwili juu ya benchi. Nikatazama pembeni: benchi zima wamepandisha miguu, kana kwamba ule mchanga wa sakafuni umegeuka maji. Nyuma mama mmoja akapiga kelele: "Toka, mwanangu, toka!" Binti akaburutwa huku na huku, akang'ang'ania boya, kengele ya boya ikalia, akanyofolewa, akazama. Bahari ikatulia. Kijana yule yuko mchangani, kalala fofofo.

Papa hatukumwona hata pezi. Baadaye sana nilisoma kwamba mwigizaji yule, Susan Backlinie, alifungwa kamba zilizokuwa zikivutwa na watu kutoka ufukweni, na kwamba papa wa kutengenezwa alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Ndiyo maana filamu inakwenda zaidi ya saa nzima kabla hajaonekana sawasawa.

Na ipo Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958, inayoniangushia hoja yangu kabisa. Sekunde za mwanzo tu, mkono unategesha saa ya bomu, bomu linatiwa kwenye buti la gari. Kwa zaidi ya dakika tatu picha haikatwi. Gari linajikokota kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani, linazuiwa na mbuzi barabarani, maharusi wanatembea kando yake wakiongea mambo yao. Mtazamaji hakufichwa kitu, na bado unabana pumzi mpaka kifua kinauma.

Kwa hiyo yule jamaa wa Pangani hakuniharibia. Alitutegeshea bomu, sisi tukakaa kulisubiri. Inaniuma kukubali baada ya miaka yote hii, lakini jibu langu limegeuka: mwanzo uonyeshe. Sisemi hivi kwa filamu za kumtafuta muuaji. Huko anayetaja jina mapema bado simsamehi. Na hata kwenye Jaws, jamaa alijua pa kuishia. Alitwambia harudi, basi. Angetutajia na urefu wa yule papa, wavuvi wale wangecheka, na miguu ingerudi chini.