Maswali Yenu: Chenin Blanc, mkavu au mtamu?

Barua za safari hii zimeelemea zabibu moja nyeupe kutoka bonde la mto Loire, Ufaransa: Chenin Blanc.

Nilinunua chupa mbili za Vouvray, mtengenezaji mmoja. Ya kwanza kali hadi meno yakafa ganzi, ya pili tamu kama asali. Mojawapo ni bandia? – Msomaji, Dar es Salaam

Zote ni halali. Vouvray ni jina la eneo, jirani na mji wa Tours, na mvinyo wake mweupe hutokana na Chenin Blanc karibu peke yake. Mzabibu huu huchipua mapema lakini huchelewa kuiva, tena hauivi kwa pamoja: kishada kimoja huweza kuwa na punje za kijani upande huu na za rangi ya dhahabu upande ule. Kwa hiyo wachumaji hupita shamba lilelile mara kadhaa. Zinazochumwa mapema, zikiwa bado chachu, huenda kwenye mvinyo wa mapovu, zinazofuata kwenye mkavu, yaani usio na utamu, na zilizobaki mtini hadi mwishoni mwa Oktoba au Novemba hutoa mtamu. Mwaka wa baridi mtamu huwa haba. Mwaka wa jua kali huwa mwingi.

Kinachowezesha yote hayo ni uchachu. Zabibu nyingi zikipandisha sukari hupoteza ukali wake upesi, na mvinyo hubaki mzito, wa kuchosha. Chenin haikubali kirahisi. Ndiyo maana Vouvray tamu ya mwaka mzuri hukaa chupani miongo kadhaa bila kuchakaa.

Dukani, tafuta neno kwenye lebo. *Sec* ni mkavu, kwa kawaida chini ya gramu 4 za sukari kwa lita, ingawa sheria huruhusu hadi 9 uchachu ukiwa mkubwa. *Demi-sec* ina utamu kidogo, *moelleux* huanzia gramu 12, na *doux* ni 45 kwenda juu. Tatizo ni kwamba baadhi ya watengenezaji hawaandiki chochote, tabia inayoudhi kwelikweli. Hapo muulize muuzaji kabla hujatoa pesa.

Nina Chenin shambani Dodoma. Vishada vya mavuno ya Machi huoza kabla ya kuiva, ila vya Agosti ni vizuri. Nakosea wapi? – Mkulima, Dodoma

Mvua ndiyo inayokuponza. Vishada vya Chenin hubanana, na ganda la punje ni jembamba. Punje zikivimba kwa maji husukumana, moja hupasuka, ukungu wa kijivu huingia, na ndani ya siku chache kishada kizima kimekwisha. Zao la Agosti hukomaa kiangazi, kwa hiyo huponea.

Fanya hivi kwa zao la masika. Baada ya punje kushika, zikiwa na ukubwa wa njegere, ondoa majani yanayozunguka vishada upande unaopata jua la asubuhi tu, ili umande ukauke mapema. Upande wa mchana uache na kivuli, la sivyo punje zitababuka. Punguza machipukizi yaliyosongamana, maana mzabibu huu una nguvu nyingi na ukiuachia hujifunika wenyewe. Usiongeze mbolea ya naitrojeni wakati huo. Dawa ya ubwiri unga na ya ukungu ipige kabla vishada havijafunga, yaani punje hazijabanana; vikishafunga haifiki ndani. Chagua dawa ambayo muda wake wa kusubiri, kati ya kupiga na kuvuna, unaruhusu mavuno yako.

Kwa mvinyo mkavu, vuna sukari ikisoma Briksi (kipimo cha sukari) 20 hadi 22 kwenye rifraktomita, kifaa cha kuipimia. Usichukue punje moja: kamua punje 100 kutoka safu mbalimbali, juu na chini ya kishada, kisha pima mchanganyiko.

Utasikia kwamba kule Coteaux du Layon, eneo la mvinyo mtamu huko Loire, ukungu huohuo wa kijivu unatafutwa. Ni kweli, lakini kule umande wa mto huja asubuhi na jua la mchana hukausha, hivyo punje husinyaa na sukari hukolea. Mvua ikinyesha mfululizo unapata siki.

Nimenusa chupa ya Savennières, nikasikia kama sufu iliyolowa. Imeharibika? – Msomaji, Nairobi

Huenda hapana. Savennières ni eneo jingine la Chenin huko Loire. Pamoja na tufaha, pera na asali, harufu ya sufu au majani makavu yaliyolowa hutajwa sana kwa Chenin za Loire. Acha glasi dakika 20. Ikifunguka na tunda likajitokeza, kunywa. Ikizidi kunuka boksi la karatasi lililolowa na tunda limetoweka, kizibo kimeiharibu, irudishe dukani. Vipande ving'aavyo chini ya chupa si vioo wala sukari. Ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haidhuru.

Steen ya Afrika Kusini ni zabibu nyingine? – Msomaji, Arusha

Ni hiyohiyo. Jambo hilo lilithibitishwa huko Stellenbosch miaka ya 1960. Leo Afrika Kusini ina mashamba mengi ya Chenin kuliko Ufaransa. Ukiona maneno *Old Vine* kwenye lebo, jaribu: mizabibu ya zamani huzaa kidogo na ladha hukolea.

Chenin niiandae na chakula gani? – Msomaji, Mombasa

Samaki wa kupaka apewe *demi-sec*. Uchachu hukata tui, na sukari kidogo hutuliza pilipili. Mkavu wenye kilevi cha asilimia 14 huzidisha moto mdomoni. Changu wa kuchoma kwa ndimu apewe mkavu. Mtamu weka kwa embe au jibini, si kwa halua, kwani halua huushinda na unabaki kuonekana chachu.

Kwa kunywa, nyuzi joto 8 hadi 10 zinatosha kwa mkavu wa kawaida, 12 kwa Savennières. Toa chupa kwenye friji dakika 15 kabla ya kumimina, kwa sababu baridi kali huua harufu na kukuachia ukali mtupu. Ikifunguliwa, mkavu hukaa kwenye friji siku 3 hivi, mtamu wiki nzima, mradi kizibo kimebana.