Lori lenye mzigo na lori tupu: lipi linasimama mapema?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Iringa. Darasani tulikokotoa umbali ambao gari linakwenda tangu lifunge breki hadi lisimame, na tungamo (m) ikajifuta. Kwa hiyo lori lenye mzigo na lori tupu yanasimama umbali ule ule. Lakini mjomba wangu, dereva wa malori, anasema lori lililojaa halishikiki. Nani amekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekosea. Hesabu yenu inahusu gari ambalo matairi yamegoma kuzunguka na yanaburuzika juu ya lami. Mjomba wako anazungumzia lori ambalo breki zimefika mwisho wa uwezo wake kabla matairi hayajaanza kuburuzika.

Tuanze na darasa. Kani ya msuguano wa matairi yanayoburuzika ni μmg, ambapo μ ni kizigeu cha msuguano (namba inayoonyesha lami inavyoshika tairi) na g ni mchapuko wa uvutano wa dunia. Sheria ya pili ya Newton inasema kani ni tungamo mara mchapuko (kiwango cha kasi kubadilika), yaani ma. Ukisawazisha, m inaondoka na kubaki a = μg. Mzigo ukiongezeka, lori linakuwa gumu zaidi kusimamisha, lakini pia linaikandamiza lami zaidi, na msuguano unakua kwa kiwango kile kile. Kwa μ ya 0.7 na g ya 10, kasi inapungua mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Lori lililokuwa kwenye kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, litaburuzika mita 29 hivi.

Sasa tuingize kitu ambacho hesabu yenu ilikiacha: breki zenyewe. Tuseme breki zote za lori kwa pamoja haziwezi kutoa zaidi ya niutoni 100,000. Lori likiwa tupu, tani 10, lami inaweza kulishika kwa niutoni 70,000 tu. Breki zinazidi hapo, matairi yanafunga, na jibu ni zile mita 29. (Ndiyo maana tela tupu huburuza matairi kirahisi, na dereva makini hakanyagi breki kwa pupa.) Likijazwa hadi tani 30, lami iko tayari kutoa niutoni 210,000, ila breki zinaishia 100,000. Gawanya kwa kilo 30,000: mchapuko ni 3.3 tu, na lori linakwenda mita 60 kabla ya kusimama. Hapa m haikujifuta, kwa sababu kani ya breki haiongezeki mzigo unapoongezeka.

Hizo ni za barabara tambarare, na bado sijahesabu muda wa dereva kushtuka na kukanyaga. Sekunde moja tu ya kushtuka ni mita 20 nyingine.

Mteremkoni hali ni nzito zaidi, na wewe unaishi karibu na mfano wake. Malori yanayotoka Zambia na shaba kwenda Dar es Salaam hushuka mlima wa Kitonga, mkoani Iringa. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kila mita 10 za barabara, uzito wa lori la tani 30 unalisukuma chini kwa niutoni 30,000. Breki zinabakiwa na 70,000 za kupunguza mwendo, na zile mita 60 zinakuwa 86.

Kisha kuna joto, na hili ndilo linaloua watu. Lori hilo likishuka kimo cha mita 300 bila kuongeza mwendo, nishati ya mgh (h ni kimo) ni jouli milioni 90. Zikibebwa na breki peke yake, ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji. Ngoma za breki zinatanuka, vitambaa vya breki vinapoteza msuguano, na dereva anakanyaga pedali bila lori kuitika. Kwa hiyo mjomba wako anaingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini ibebe sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kwenye mtihani, soma swali limekupa nini. Likisema matairi yamefunga na likatoa μ, futa m bila wasiwasi. Likikupa kani ya breki kwa niutoni, m inabaki; gawanya kwayo. Na gari likiwa mteremkoni, chora kwanza mishale ya kani zote kabla hujaandika mlinganyo wowote.