Barua kwa mwanangu: fundo la kamba na fundo la bahari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza imekuwaje neno la Kiingereza knot, ulilolijua tangu utotoni kuwa ni fundo la kamba, likatokea katika kitabu unachokitafsiri kama mwendo wa meli, na kurasa chache mbele likawa kasoro ya ubao; na kama hayo ni maneno tofauti yaliyofanana kwa bahati tu. Ni neno moja, mwanangu, tena la kale. Hata ile k ya mwanzo isiyosikika leo ilikuwa ikitamkwa, na kitenzi chao cha kufuma sweta kimetoka katika shina hilo hilo.

La meli ndilo linalowapotosha wengi, kwa kuwa hulidhani ni tamathali, ilhali mabaharia wa zamani walihesabu mafundo ya kamba kweli kweli. Walifunga ubao kwenye ncha ya kamba ndefu wakautupa majini upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Ubao ulibaki karibu pale pale ulipoangukia, meli ikasonga mbele, na kamba, iliyopigwa mafundo kila baada ya takriban mita 14.4, ikapita mkononi mwa baharia huku mwenzake akitazama saa ya mchanga iliyomalizika kwa sekunde 28. Idadi ya mafundo yaliyopita ndiyo iliyokuwa mwendo wa chombo, kwani vipimo hivyo viwili vilipangwa vilingane, ili fundo moja liwe maili moja ya bahari kwa saa, na maili hiyo leo ni mita 1,852. Kwa hiyo meli yako ya mafundo 20 inakwenda kama kilomita 37 kwa saa. Wala usiandike "mafundo 20 kwa saa", maana saa imekwisha kuhesabiwa ndani ya neno lenyewe. Wapo wasemao noti, nami siwakatalii, ila msomaji atafikiria fedha kwanza.

Fundo la ubao ni kitako cha tawi kilichozingirwa na shina lilipokuwa likinenepa, na nyuzi za mti zikapinda kukipisha, ndiyo maana randa hukwama hapo. Fundo la ndoa halitakusumbua, kwa kuwa Waingereza nao huifunga ndoa kama sisi.

Ninapokusihi uwe mwangalifu ni pale mhusika wako anaposema ana fundo tumboni. Kwa Waingereza hiyo ni hofu, lakini sisi tukisikia mtu ana fundo moyoni twaelewa kuwa ana kinyongo na mwenziwe. Ukilihamisha fundo hilo kama lilivyo, kijana anayeogopa tu ataonekana mwenye chuki. Andika kwamba ana tumbo joto, na tumbo litabaki pale pale mwandishi alipoliweka.

Mama yako