Mbona droni imeanguka kwenye baridi na unyevu? Maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yana mzizi mmoja: droni za kawaida za kupigia picha zilizoanguka siku ya baridi, ukungu au umande. Wengi walioandika wameshampata mkosaji hata kabla ya kufungua rekodi ya safari. Tunawaomba mwanzie kwenye rekodi. Ni nadra baridi peke yake kuiangusha droni nzima. Inachofanya ni kula akiba ya nguvu, halafu kasoro ndogo ambayo siku ya joto isingeonekana kabisa inamalizia kazi.

Habari za kazi, wataalamu. Nilirusha asubuhi, nyuzi 3. Betri ilikuwa imebaki asilimia 52. Nikasukuma kijiti hadi mwisho ili ipande haraka, mara ikatoa onyo la betri kuisha, ikaanza kujishusha yenyewe hadi ikanasa kwenye miti. Asilimia 52 imekwenda wapi?

Pole sana. Asilimia hiyo haikwenda popote, na huenda baada ya betri kupata joto uliikuta bado ina chaji. Asilimia ni makadirio ya chaji iliyobaki. Volti ndiyo inayoonyesha kama betri inaweza kuitoa chaji hiyo sasa hivi, kwa kasi ambayo mota zinaitaka.

Ndani ya betri ya lithiamu, baridi hupunguza mwendo wa ayoni (chembe zinazobeba umeme), kwa hiyo ukinzani wa ndani, yaani kinachozuia umeme kupita, unapanda. Chukua mfano wa seli moja yenye volti 3.8, na mota zinavuta ampea 15. Kwenye nyuzi 25, tuseme ukinzani wake ni miliomu 20. Volti inayopotelea ndani ni 15 mara 0.020, yaani 0.3, na mota zinapata 3.5. Hapo hakuna tatizo. Sasa ipoze seli ileile hadi ukinzani ufike miliomu 50. Zinapotea volti 0.75, na zinabaki 3.05. Kwa kompyuta ya droni, seli yenye 3.05 ni seli iliyokwisha, hata kama nusu ya chaji bado imo. Inafanya ilichofundishwa: inatua hapo hapo ilipo.

Ndiyo maana onyo lilikuja uliposukuma kijiti, wakati droni ilipokuwa inaelea tu halikuwepo. Siku nyingine ukiona hivyo, achia kijiti taratibu. Mkondo ukipungua volti hupanda tena, na mara nyingi utapata muda wa kuisogeza droni hadi mahali wazi. Ukizidi kuilazimisha ipande ili kuokoa hali, unaivuta volti chini zaidi.

Weka volti za seli zionekane kwenye skrini. Programu nyingi zina sehemu hiyo ndani ya mipangilio ya betri. Kwenye baridi, seli ya chini kabisa ikishuka chini ya 3.5 droni ikiwa inaelea tu, anza kurudi, asilimia iseme inavyotaka.

Basi betri nizipashe joto vipi? Na nikirudi nizichaji papo hapo?

Lengo ni nyuzi 20 hadi 25 ndani ya betri kabla ya kuruka. Mfuko wa ndani wa koti unatosha, ila mfuko huo usiwe na funguo wala sarafu, kwa sababu chuma kikigusa ncha mbili za betri kinaweza kuwasha moto. Usitumie kikausha nywele wala hita. Juu betri inaungua, ndani bado ya baridi, na seli zinaharibika bila wewe kujua.

Ukishapaa, elea mita 1 hadi 2 kutoka ardhini kwa dakika moja. Betri inajipasha yenyewe inapofanya kazi, na kama kuna seli mbovu itajionyesha ukiwa karibu. Ruka na betri iliyojaa tu. Betri nyingi za siku hizi hujipunguza chaji zenyewe zikikaa siku kadhaa, kwa hiyo ile uliyoijaza wiki iliyopita usiihesabu kuwa imejaa. Panga kutua ukiwa na asilimia 35 hadi 40, na zaidi ya hapo kama safari ya kurudi inapingana na upepo.

Kuhusu kuchaji: usichaji betri iliyo chini ya nyuzi 5. Kwenye baridi, lithiamu inaweza kujikusanya kama utando wa metali juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake. Utando huo haurudi ulikotoka. Unapunguza uwezo wa betri, na siku moja unaweza kusababisha shoti ndani ya seli. Iache betri chumbani hadi ifikie joto la chumba, kisha ndipo uichaji.

Mvua haikuwepo, ukungu tu. Baada ya dakika chache mota zilianza kulia kwa nguvu, droni ikatetemeka na kushuka huku nikiipandisha. Nilipoifikia propela zilikuwa nzima, zimelowa tu. Nimeshabadilisha mota moja lakini sina uhakika.

Maelezo yako yanaonyesha barafu kwenye propela, na huo umande ulioukuta ni barafu iliyoyeyuka. Matone ya ukungu yanaweza kubaki maji hata chini ya nyuzi 0, kisha yakaganda mara yanapogusa kitu. Yanagandia kwenye ukingo wa mbele wa propela, ule unaokata hewa. Hata tabaka jembamba lenye chembechembe kama za msasa linatosha kuharibu umbo la propela, na likiharibika, msukumo unapungua na mota zinalazimika kuzunguka kasi zaidi kubeba uzito uleule. Ndicho kilio ulichosikia. Mtetemo unakuja pale kipande cha barafu kinapong'oka upande mmoja na upande wa pili kikabaki.

Usidanganywe na kipimajoto cha ardhini. Joto hushuka kwa kadiri ya nyuzi 0.65 kila mita 100 za kwenda juu. Ikiwa chini ni nyuzi 1, mita 120 juu uko karibu kabisa na 0, na hewa inayopita juu ya propela hupoa zaidi kidogo kwa sababu shinikizo lake limeshuka. Kanuni yetu haina msamaha: ukungu unaoonekana pamoja na joto chini ya nyuzi 5, usirushe. Kama umeshapaa na sauti ya mota imebadilika, shuka mara moja na utue mahali pa karibu palipo salama. Usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani, kwa sababu droni nyingi hupanda kwanza kabla ya kurudi, na hapo juu ndipo barafu ilipo.

Mota uliyoibadilisha huenda haikuwa na kosa lolote. Propela ndizo za kubadilisha, zote nne, kwa sababu plastiki iliyotetemeshwa kwenye baridi inaweza kuwa na ufa mwembamba karibu na kitovu, ambao huuoni mpaka uipinde kidogo chini ya taa.

Ni kweli kwamba hewa yenye unyevu ni nzito ndiyo maana droni inashindwa kupanda?

Hapana. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kuihisi kwenye droni. Hewa ya baridi ndiyo nzito: kilo 1.29 hivi kwa mita moja ya ujazo kwenye nyuzi 0, dhidi ya 1.16 kwenye nyuzi 30. Na hilo linaisaidia propela kushika hewa.

Iliruka vizuri kabisa nje kwenye baridi. Nikaingia ndani kunywa chai, nikabadili betri, nikatoka tena. Sekunde 20 tu ikapinduka na kuanguka. Betri ilikuwa mpya na ya joto.

Swali hili tumelisoma mara mbili, kwa sababu ajali yenyewe ilianzia ndani ya nyumba. Droni iliyopoa hadi nyuzi 2 ukiiingiza kwenye chumba chenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 50, kila kitu kilicho chini ya nyuzi 11 hivi kinaanza kutoa jasho, sawa na glasi ya maji baridi juu ya meza. Unaliona kwenye ganda na kwenye lenzi. Usiloliona ni lile la juu ya bodi za umeme. Maji safi hupitisha umeme kidogo sana, lakini kwenye bodi yanachanganyika na vumbi na mabaki ya dawa ya kulehemu, na hapo yanakuwa njia ya umeme kati ya nukta zisizotakiwa kukutana. Bodi inayoendesha mota ikipokea ishara mbovu kwa nusu sekunde, droni inapinduka.

Dawa yake ni rahisi. Ukiwa bado nje, toa betri, ifunge droni ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ndipo uingie nayo. Jasho litakaa juu ya mfuko. Usiufungue kwa saa moja hadi mbili, mpaka kilicho ndani kiwe na joto la chumba. Kama utatoka tena muda si mrefu, droni iache nje mahali pakavu na uingie na betri peke yake.

Ilipanda na kushuka yenyewe juu ya nyasi zilizolowa, na ilipotaka kutua ikagoma. Sensa zimekufa?

Huenda ziko hai ila zimechanganyikiwa. Kimo kinapimwa kwa baromita (kipimo cha shinikizo la hewa), na ukiwa karibu na ardhi kwa kamera na sensa za chini. Sehemu iliyolowa inaakisi mwanga, na ukungu mzito unaweza kuonekana kama ardhi au kikwazo. Baromita nayo hufunikwa kipande kidogo cha sponji, na sponji ikilowa vipimo vinayumba. Pangusa lenzi za chini, acha droni ikauke, kisha ijaribu juu ya sakafu kavu yenye michoro. Ikitulia, hakuna cha kubadilisha. Kutua siku kama hiyo, shusha kijiti chini kabisa na ukishikilie mpaka mota zizime.

Simu yangu ilizima angani ikiwa na chaji nusu. Ndiyo iliyoangusha?

Simu kuzima hakuangushi droni. Rimoti bado inawasiliana nayo, na vijiti vinafanya kazi. Betri ya simu inateswa na baridi ileile tu. Igeuze droni ielekee kwako ukiiona kwa macho, au bonyeza kitufe cha kurudi nyumbani kilichopo kwenye rimoti.

Rekodi ya safari ninayo, ila ni msitu wa namba. Nitazame wapi?

Rudi sekunde 30 kabla ya kuanguka na utazame mambo machache tu.

Volti za seli kwanza. Zikishuka zote pamoja wakati wa mzigo na kupanda mzigo ukipungua, ni baridi. Moja ikijitenga na wenzake kwa zaidi ya volti 0.2, seli hiyo imechoka na betri hiyo isiruke tena, hata siku ya joto.

Kisha amri zinazokwenda kwa mota. Kama mota moja imeamriwa nguvu zote huku ile ya mkabala wake ikipunguzwa, mkono wa ile ya kwanza ndio ulioshindwa: propela imechomoka, mota imekwama au bodi yake imezima. Zote nne zikiwa juu na kimo kinashuka, fikiria barafu au volti.

Mwisho, tazama rekodi ilivyoishia. Ikikatika ghafla angani, na droni ukaikuta karibu na chini ya nukta ya mwisho, umeme ulikatika. Kagua kishikio cha betri: unyevu ulioganda humo, au betri iliyovimba kidogo, huzuia kile kimlio cha kujifunga. Ukiikuta mbali, upande wa ulikoirushia, basi mawasiliano ndiyo yaliyokatika na droni ilikuwa inarudi. Ukungu wenyewe hausumbui sana mawimbi ya 2.4 wala 5.8 GHz. Miti yenye majani yaliyolowa ndiyo inayoyazuia.

Imelala usiku mzima kwenye majani yenye umande. Nimeiweka kwenye mchele. Nisubiri siku ngapi?

Itoe kwenye mchele sasa hivi. Mchele haufyonzi maji yaliyojificha chini ya vipuri vya bodi, na unga wake unaingia kwenye mota na gimbali (kishikio kinachotuliza kamera).

Usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Toa betri kwanza. Ikiwa imevimba, ina joto au inanuka utamu wa ajabu kama wa rangi ya kucha, iweke nje juu ya saruji, mbali na kitu chochote kinachoungua, wala usiichaji tena. Toa propela na kadi ya kumbukumbu. Fungua kifuniko kama unajua skrubu zake, na utafute ukoko mweupe au wa kijani kwenye viunganishi. Usafishe kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kisha ikaushe saa 48 ndani ya boksi lililofungwa lenye vipakiti vingi vya silika inayofyonza unyevu. Kama ilitumbukia maji ya chumvi, ioshe kwa maji yaliyokenekwa (yasiyo na madini) mara tu betri inapotoka, kabla ya hatua nyingine zote, kwa kuwa chumvi haisubiri.

Zungusha kila mota kwa kidole. Mzunguko uwe laini, bila mkwaruzo wa mchanga. Iwashe bila propela na usubiri dakika 5 ukitazama maonyo. Sensa za mwendo zisawazishe juu ya meza iliyonyooka, katika joto la chumba, kamwe si nje kwenye baridi. Funga propela mpya na uelee mita moja juu ya nyasi kwa dakika 5, ukitazama volti za seli na kusikiliza mota. Ukisikia sauti isiyo ya kawaida, tua, kisha gusa kila mota: iliyo na joto kuliko wenzake ndiyo yenye tatizo.