Nyumba ya mwaka 1926 na dirisha linalobanduka

SWALI: Dada, habari za kazi. Mwanangu na mkewe wamehamia Marekani, kaunti ya Wayne, jimbo la Michigan. Wamepanga nyumba ya mwaka 1926. Juzi tukiongea kwa video nimeona rangi ya dirisha inabanduka, na mjukuu wangu wa miezi 10 anatambaa hapohapo chini. Nchi tajiri vile, nyumba mpya hazipo?
Mama wa Tandika

JIBU: Shikamoo mama. Uzee wa nyumba usikutishe. Mimi lililoninyima usingizi ni hilo dirisha.

Kaunti hiyo ndiyo yenye Detroit, na nyumba zake zililetwa na viwanda vya magari. Mwaka 1900 ilikuwa na watu 348,793. Mwaka 1914 kampuni ya magari ya Ford ikatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, watu wakamiminika, na 1930 wakahesabiwa 1,888,946. Mitaa mizima ikajengwa kwa mkupuo. Baadaye ajira za viwandani zikapungua, wengi wakahama. Sensa ya 2020 ikakuta 1,793,561, pungufu ya wale wa 1930. Nyumba zilizokuwepo zikatosha. Sisi wa Dar, tuliozoea kuona nyumba ya Kiswahili Kariakoo ikivunjwa na ghorofa kusimama, lazima tushangae.

Sasa dirisha. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi; Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Kwetu Ilala mlango wa mbele ulipakwa rangi ya mafuta kila Idi, juu ya ile ya mwaka jana. Kipande kikibanduka unaona kijani, chini yake bluu, chini yake kahawia. Dirisha la 1926 nalo huenda lina matabaka hayohayo, na kila likifunguliwa na kufungwa mbao zinasuguana, vumbi linadondoka sakafuni. Mtoto anatambaa, anatia vidole mdomoni. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na mara nyingi huoni dalili yoyote.

Mpigie mwanao leo. Mtoto apimwe damu, hilo kwanza. Amuulize mwenye nyumba kwa maandishi: kwa nyumba za kabla ya 1978, sheria inamtaka amweleze mpangaji anachojua kuhusu rangi ya risasi kabla ya mkataba kusainiwa. Rangi wasiikwangue wala kuipiga msasa. Wafute dirisha na sakafu kwa kitambaa kilicholowa, wasifagie kukavu, na mtoto achezee upande mwingine wa chumba.

Majibu ya damu yakitoka, niandikie mama. Nayasubiri.