Mume Anarudi Somalia: Tukubaliane Nini Kabla Hajaondoka?

SWALI

Mshauri wetu, pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu ni askari wa Jeshi la Ulinzi la Kenya. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2018 na tumejaliwa watoto wawili. Mwaka 2021 alipelekwa Somalia, na sasa ameambiwa ajiandae kurudi huko. Safari ile ya kwanza iliacha doa katika ndoa yetu. Kila usiku mtandao ulipopatikana alinitaka nimpigie kwa video na kuizungusha simu chumba kizima, hadi nyuma ya mlango na pazia, ndipo aridhike. Alimleta mdogo wake akae nasi kwa madai ya kunisaidia na watoto, kumbe kazi yake ilikuwa kumwarifu kaka yake saa ninazotoka na ninazorudi. Alipokuja likizo nilikuta katika simu yake ujumbe wa mapenzi kati yake na mwanamke mwingine, pamoja na pesa alizokuwa akimtumia. Aliomba msamaha nikamsamehe, lakini kila nikitaka tulizungumzie jambo hilo hunijibu kwamba ya huko hayaletwi nyumbani. Mke wa askari mwenzake ananishauri nisiulize kitu, mradi pesa za matumizi zinaingia. Siwezi kuishi hivyo. Jioni mwalimu mwenzangu hunipa lifti hadi Free Area na huwa tunazungumza vizuri, ingawa hakuna lolote kati yetu. Nataka tuweke mipaka kuhusu uaminifu kabla hajaondoka, bila yeye kudai kwamba simwamini. Nianzie wapi?

Mke wa Askari, Nakuru

JIBU

Dada yangu, nianze na hilo unaloliogopa. Mumeo akikuambia kwamba humwamini, usilikane. Baada ya ujumbe ule na pesa zile imani yako kwake imepungua, naye analijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Mwambie kwa utulivu kwamba unamketisha kwa sababu unataka imani hiyo irudi, na kwamba mwanamke aliyekwisha kukata tamaa asingesumbuka kupanga naye mwaka mzima ujao. Usiyaseme hayo usiku wa mwisho, mabegi yakiwa yamefungwa sebuleni na watoto wakilia. Mazungumzo haya yanahitaji majuma kadhaa na zaidi ya kikao kimoja, kwa hiyo yaanze kabla hajaitwa kwenye mafunzo ya maandalizi, kwa kuwa askari akishaingia huko, mwili unaweza kuwa nyumbani lakini akili imekwisha kuvuka mpaka.

Tangu alipokwenda mara ya kwanza, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia kimebadilishwa jina mara mbili, kutoka AMISOM kuwa ATMIS mwaka 2022 na kisha AUSSOM mwaka 2025. Nyumbani kwenu hakuna kilichobadilishwa. Mkiendelea na utaratibu ule ule wa kuzungusha simu na kumtuma shemeji, mtavuna yale yale, kwa sababu ukaguzi wa namna hiyo haumzuii mtu aliyeamua kukosea. Humfundisha tu kujificha, na aliye mwaminifu humdhalilisha. Waliosema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuwa na simu ya video, lakini walikuwa sahihi. Ninakuomba nawe usiitamani silaha hiyo. Ukimtaka mumeo naye azungushe simu kambini, utakuwa umemwomba jambo ambalo wakubwa wake hawaliruhusu, na mtakuwa walinzi wawili mnaolindana badala ya mume na mke.

Mnachohitaji ni makubaliano yanayotaja vitendo. Neno «uaminifu» pekee halitoshi, kwa maana nina hakika mumeo alipokuwa akimwandikia mwanamke yule alijiambia kwamba hajavunja ndoa yake, kwa kuwa hawakulala pamoja au kwa kuwa yalikuwa maneno tu. Ketini basi mtaje mambo kwa majina yake. Je, kumwandikia mtu wa jinsia nyingine usiku wa manane kunakubalika? Je, ikiwa mtu huyo ni mfanyakazi mwenzako? Je, kumtumia pesa bila mwenzako kujua, hata kama zinaitwa mkopo? Je, kumsimulia mtu wa nje magomvi ya ndani? Hili la mwisho nakuomba ulikazie, kwa kuwa katika barua ninazozipokea uhusiano mwingi wa nje haukuanza kwa tamaa ya mwili, bali ulianza pale mmoja alipopata sikio la kumlalamikia mwenzake. Mwacheni kila mmoja aseme lile linalomuuma, hata kama mwenzake analiona dogo, na mkubaliane juu ya yale ambayo nyote wawili mnaweza kuyatimiza siku ya uchovu na upweke.

Kisha useme utafanya nini makubaliano yakivunjwa, na uchague jambo lililo mikononi mwako. Ukimwambia, «Ukirudia nitakufa,» umemtisha tu. Ukimwambia, «Nikigundua tena kwamba unamtumia mwanamke mwingine pesa, nitaita kikao cha wazazi wetu na kasisi aliyetufungisha ndoa, na hatutalala chumba kimoja mpaka tumalize,» umemweleza jambo ambalo anajua unaweza kulitenda. Usitaje hatua ambayo moyoni unajua hutaichukua.

Sasa nirejee sentensi moja uliyoipita haraka. Ulisema kwamba mwalimu mwenzako hukupa lifti, mnazungumza vizuri, na hakuna lolote kati yenu. Nakuamini. Hata hivyo sikukuuliza, nawe ukaona vyema kunieleza, na hilo linanionyesha kwamba jambo lenyewe limekwisha kukukaa moyoni. Jiulize kama mumeo analijua jina la mwalimu huyo, kama unaweza kumsomea mumeo kwa sauti mnayoandikiana, na kama ndani ya gari hilo umewahi kumlalamikia mumeo. Majibu yakikutosheleza, mweleze mumeo mwenyewe kuhusu lifti hiyo kabla shemeji hajamweleza kwa namna yake. Yasipokutosheleza, panda matatu. Nauli ya hadi Free Area haijafikia kiasi cha kuhatarishia nyumba. Kanuni mtakazoziweka zitamfunga yeye na wewe kwa kipimo kimoja, na hakuna kitakachompa mumeo nguvu ya kuzikubali kama kukuona wewe ukianza kuzitii.

Kuhusu shemeji, si kazi yako kumfukuza wala kumkemea, kwani ukifanya hivyo habari itafika kwa mama mkwe ikiwa na mkia mrefu. Aliyemweka ndiye atakayemwondolea jukumu hilo. Mumeo amkalishe mdogo wake mbele yako, kabla ya kuondoka, amwambie kwamba yuko pale kusaidia watoto na kazi za nyumbani, na kwamba hatapokea tena taarifa zozote kuhusu nyendo za shemeji yake. Mumeo akikataa kutamka maneno hayo, utakuwa umejifunza jambo muhimu mapema, wakati bado mko chini ya paa moja.

Huo msemo wa «ya huko hayaletwi nyumbani» haukubaliki hata kidogo, na rafiki yako anayekushauri usiulize anakushauri vibaya. Ya huko huja nyumbani. Huja kama maradhi, huja kama mtoto, huja kama mkopo usioelezeka. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya Kikristo kama yenu ni ya mume mmoja na mke mmoja, na uzinzi ni mojawapo ya sababu zinazoweza kupelekwa mahakamani kuomba talaka, ingawa si kosa la jinai ambalo mtu anaweza kufungwa kwalo. Sikuelezi haya ili umtishe nayo mezani. Nakueleza ili ujue kwamba kudai uaminifu ni haki yako, na kwamba huhitaji kuuomba kama fadhila.

Afya mlizungumzie waziwazi, ijapokuwa najua midomo itakuwa mizito. Pendekezeni kwamba kila anaporudi, hata kwa likizo fupi, mtakwenda pamoja kupima virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa, na kwamba mtatumia kondomu mpaka majibu yatoke. Kipimo cha mapema kinaweza kukosa kuona maambukizi ya karibuni, kwa hiyo ikiwa kuna lililotokea, rudieni baada ya miezi 3. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 hairuhusu kumlazimisha mwenzi wako kupimwa kwa sababu tu ya ndoa. Lakini hakuna sheria inayokulazimisha wewe kulala naye bila kinga. Huu ni mpaka ambao unaweza kuulinda mwenyewe, hata yeye asipokubali neno lingine lolote katika mazungumzo yenu.

Nina jambo moja ambalo wanandoa wengi hawalifikirii mpaka limewafika, nalo ni habari nzito itapelekwaje. Tuseme katikati ya mwaka mmoja wenu ameteleza, au amesikia uvumi. Mtu aliye kambini, mwenye silaha mkononi, asiyelala usingizi wa kutosha na asiye na namna ya kurudi nyumbani, si mtu wa kumpigia saa tano usiku na kumwambia kwamba ndoa imeharibika. Wala wewe, uliye peke yako na watoto na darasa la asubuhi, hustahili kutupiwa ungamo la dakika mbili kabla mtandao haujakatika. Kubalianeni kwamba makosa makubwa yatasemwa ana kwa ana, mara tu likizo ya kwanza inapofika, mbele ya mtu mnayemheshimu ikibidi. Na kwamba jambo linalogusa afya ya mwenzako halitasubiri likizo. Kuhusu uvumi, kubalianeni kwamba mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenzi mwenyewe, na ataulizwa kwa swali lililo wazi, bila kutegwa.

Mkubaliane pia kuhusu siku ambazo simu haitapokelewa. Huko anakokwenda, mtandao hukatika, simu huzimwa kwa amri, na kuna doria ambazo hawezi kukueleza habari zake. Familia zilizokuwa na vijana wao El Adde, Somalia, mnamo Januari 2016, kambi ya jeshi letu huko iliposhambuliwa, hazikuwa zikiwaza kuhusu wanawake wa pembeni simu zilipokosa kujibiwa. Kutopatikana kwake peke yake kusihesabiwe kuwa ushahidi wa chochote, na kwako vivyo hivyo, unapokuwa ukisahihisha mitihani au simu imeishiwa moto.

Akikataa kuzungumza kabisa, mwombeni kasisi wa kambi awaketishe. Jeshi letu lina makasisi na maimamu kwa ajili ya mambo kama haya, na askari wengi humsikiliza mtu anayevaa sare kama wao kuliko mchungaji wa mtaani. Hukuniandikia kama amewahi kukuinulia mkono. Ikiwa amewahi, basi usianze mazungumzo haya mkiwa wawili peke yenu. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini, au piga 1195, simu ya bure ya kusaidia wanaodhulumiwa kijinsia.

SWALI

Mimi ni askari, nyumbani kwetu ni Kisumu. Ninajiandaa kwenda kazini nje ya nchi. Mke wangu amekubali tuwe waaminifu lakini ameweka masharti mawili: nimpe nambari ya siri ya simu yangu, na niweke programu itakayomwonyesha nilipo kila saa. Nikikataa anasema nina jambo ninaloficha. Nifanyeje?

Baba Watatu, Kisumu

JIBU

Ndugu yangu, sharti la pili likatae, na umweleze sababu kwa upole. Simu inayotangaza mahali ulipo inawatangazia pia wasiowatakia mema, na hatari yake huwapata wenzako wote kambini. Mwaka 2018 ramani iliyochapishwa na programu ya mazoezi ya Strava ilifichua mahali na njia za ndani za kambi za kijeshi katika nchi kadhaa, kwa sababu tu askari walikuwa wakikimbia asubuhi na vifaa vyao mkononi. Mkeo akielezwa hivyo, sidhani kama ataendelea kudai.

Sharti la kwanza ni tofauti. Sioni ubaya mke wako akiiona simu yako binafsi ukiwa likizo, ilimradi hamna ndani yake mambo ya kazi. Lakini kabla ya kumpa nambari, muulize ni nini hasa anachokiogopa, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Inawezekana kuna jambo la zamani ambalo wewe umelisahau na yeye bado analibeba. Ukimpa nambari bila kulisikia jambo hilo, atasoma ujumbe wako wote na bado hatalala.

Badala ya programu, mpe ratiba. Mwambie ni siku gani za juma unaweza kupiga simu mambo yakiwa shwari, na ukisema Jumapili jioni, piga Jumapili jioni. Mwachie pia jina la afisa wa kikosi chako aliyebaki kambini nchini, ambaye anaweza kumuuliza ikipita muda mrefu bila kukusikia, na umjulishe afisa huyo mapema kwamba mkeo anaweza kumpigia.