Mwanao Akisema Haamini Mungu, Hoja Ziweke Pembeni Kwanza

Mama mmoja ameniandikia kuwa kijana wake aliye chuoni amemwambia waziwazi haamini tena kwamba Mungu yupo. Anaomba hoja tatu nzito za kumrudisha. Kijana wa familia nyingine kabisa, naye asiyeamini, pia ameandika, anaomba hoja za kuwanyamazisha wazazi wake. Nawajibu kwa pamoja, na najua jibu halitawapendeza: hoja mnazozitafuta hazitaugusa ugomvi mlio nao.

Kukana Mungu ni jibu la swali moja tu, kwamba yupo au hayupo. Dini, kwa upande wake, ina kazi nyingi. Inapanga siku na mwaka, inazika, inagawa mali, inakutanisha watu, inamkalia karibu aliyefiwa. Nyingi kati ya kazi hizo zinaendelea hata kwa mtu ambaye jibu lake kwa swali lile limebadilika. Nyumbani watu hugombania kazi hizo: nani atanizika, nani ataketi nami siku ya sikukuu, ndugu nitawaambia nini. Kwa kuwa hakuna anayethubutu kuyataja hayo, wanajadili asili ya ulimwengu hadi usiku wa manane na kulala wamenuniana.

Kwa hiyo, mama, kikao cha kwanza kiwe cha kuuliza. Maswali ni manne na yasichanganywe: unaamini nini, unadai kujua nini, unajihesabu mmoja wa watu gani, na unatenda nini. Majibu yake hayafuatani kama wengi wanavyodhani. Thomas Huxley, mwanabiolojia Mwingereza, alijiita agnostiki mwaka 1869 kwa kuwa hakutaka kudai ujuzi wa upande wowote. Mtu anaweza kusema "sijui" na papo hapo asiamini, au akasema "sijui" na bado akasali. Wabudha na Wajaini wana dini yenye watawa, mifungo na mahekalu, bila Muumba wa ulimwengu. Nchini Marekani, tafiti za Pew Research Center za 2018 na 2019 zilikuta 26% ya watu wazima hawana dini, lakini waliojiita wakana Mungu ni 4% tu na agnostiki 5%. Asilimia 17 zilizobaki walisema tu kwamba hawafuati dini yoyote maalumu. Basi ukisikia "nimeacha dini" ukaanza kuthibitisha kuwa Mungu yupo, huenda unamjibu mtu ambaye hilo hakuliuliza.

Na shaka isihesabiwe ukanaji. Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, alisimulia mwenyewe jinsi alivyokaa karibu miezi miwili bila kuwa na uhakika wa jambo lolote, hata wa yale macho yake yaliyoona. Kisha mwaka 1095 aliuacha uprofesa wake Baghdad akiwa hawezi hata kutamka somo mbele ya wanafunzi. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zinaonyesha giza la moyo lililodumu miongo kadhaa huku akiendelea kuamka na kuhudumia. Wazazi wanaomtangazia ukafiri kijana wa miaka 20 kwa sababu ameuliza swali gumu wangewatimua hawa wawili mapema sana.

Jina lenyewe hutolewa kwa urahisi mno. Sokrate, mwanafalsafa wa Athene, alihukumiwa mwaka 399 KK, na mojawapo ya mashtaka lilikuwa kutoitambua miungu ya mji. Wakristo wa kwanza nao waliitwa wakana Mungu na Warumi, kwa kuwa walikataa kuitolea sadaka miungu ya dola. Habari za kifo cha Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, zinasema liwali alimtaka atamke "waondoke wakana Mungu", akimaanisha Wakristo wenzake. Mzee akaunyooshea mkono umati wa wapagani uliokuwa uwanjani na kuyatamka maneno hayohayo. Kabla hujambandika mwanao jina, fikiria kwamba lilishawahi kubandikwa watakatifu.

Sasa tuje kwenye kazi za dini, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua msiba. Mtu akifariki, dini haimwachi aliyefiwa akibuni cha kufanya. Uislamu una utaratibu wa kuosha, kukafini, kuswalia na kuzika haraka, na mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi. Uyahudi una siku saba za kukaa ndani baada ya maziko, watu wakija kumfariji mfiwa, na sala ya Kadishi inayosomwa miezi kumi na mmoja kwa ajili ya mzazi, nayo haisomwi bila watu kumi. Tazama hesabu hiyo ya watu kumi. Inamlazimisha mwenye huzuni atoke nyumbani, na inawalazimisha wengine tisa wajitokeze. Wapo Wayahudi wasioamini kitu ambao bado huenda kuisoma, na sioni unafiki hapo. Kwenye fedha mambo ni yaleyale: zaka ya 2.5% juu ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachotolewa zaka, na kutimiza mwaka, au fungu la kumi la 10%, inakuondolea kazi ya kujiuliza kila mara utoe kiasi gani. Anayeacha dini huacha na kiwango. Nia ya kutoa hubaki, na mwaka unapita bila senti kutoka mfukoni.

Ndiyo maana, kijana wangu, usijidanganye kwamba umeacha wazo tu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 nchini Marekani kwa miaka kumi na sita: waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na vifo pungufu kwa 33% kuliko wasiohudhuria kabisa. Wahubiri hupenda takwimu hiyo, ila waisome vizuri. Kilichopimwa ni kuhudhuria, si usahihi wa imani. Wengi wao walikuwa Wakristo. Na utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo kama jaribio linavyoweza. Sehemu ya tofauti ilielezwa na mambo ya kawaida kabisa, kama kuwa na watu wa kukutegemeza na kutovuta sigara. Kwa maneno mengine, ukiondoka, hivyo ndivyo vitu vya kwanza kuvitafutia mbadala, na wala havipatikani katika video za mijadala.

Mbadala unaharibikia wapi? Januari 2013 wachekeshaji wawili walianzisha Sunday Assembly jijini London: nyimbo, mazungumzo na chai, bila Mungu. Ilienea haraka hadi nchi nyingine, kisha matawi mengi yakafifia. Mtafiti Richard Sosis na mwenzake walipochunguza jumuiya 83 za watu walioishi kwa pamoja katika Marekani ya karne ya 19, waligundua kuwa zile za kidini zilizodai mambo mengi kwa wanachama, kama miiko ya chakula, mavazi na mali, zilidumu zaidi. Kwa zisizo za kidini, kuongeza masharti hakukusaidia. Mimi nalisoma hivi: watu huvumilia sharti wanaloliona takatifu, lakini sharti lililopitishwa na kamati hulihoji kila mkutano. Basi usianze na kundi la kukutana kila unapojisikia. Jiunge na kitu kinachokudai kwa ratiba na kinachokupigia simu usipofika: kwaya, zamu ya kujitolea, chama cha kufa na kuzikana. Chagua kimoja, kaa nacho mwaka mzima, na kiwe na wazee na watoto ndani yake, kwa sababu kundi la rika moja huvunjika wanachama wakianza kuoa na kuhama.

Turudi kwa mama. Makosa ya kikao cha kwanza nayajua karibu yote. La kwanza ni kumleta kiongozi wa dini bila kumwambia kijana. Hapo mazungumzo yamekwisha na kesi imeanza. La pili ni kusema asiyeamini hana maadili, wakati kijana huyohuyo ndiye aliyekurudishia chenji iliyozidi. La tatu ni dau la Pascal, mwanahisabati Mfaransa: amini, maana ukikosea hupotezi kitu. Pascal mwenyewe alijua kwamba mtu haamini kwa kupiga hesabu; ushauri wake kwa asiyeweza kuamini ulikuwa aanze na matendo, ahudhurie misa na kutumia maji ya baraka, imani imfuate. Ukilitumia dau bila sehemu hiyo umebeba nusu ya hoja, tena ile nusu dhaifu.

Kosa la nne ndilo linaloumiza zaidi. Kama shaka yake ilianza kwa kifo au ugonjwa, usimwambie "Mungu ana makusudi yake". Anayeuliza kwa nini mtoto ameteseka hahitaji kwanza nadharia, na kitabu cha Ayubu kinawakaripia marafiki waliokuja na nadharia. Walipokaa naye siku saba bila kusema neno hawakuwa na kosa. Shida ilianza walipofungua midomo.

Kwako kijana, nusu ya sentensi ya Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani, unayoipenda, kwamba dini ni kasumba ya watu, inatoka katika maandishi ya 1844 ambayo papo hapo yanaiita pumzi ya kiumbe aliyeonewa. Kasumba, yaani afyuni, wakati huo ilikuwa pia dawa ya maumivu. Usimnyang'anye mama yako dawa eti kwa sababu wewe huumwi.

Kuhusu kutangaza, chagua wakati. Si matangani, si mwezi wa mfungo, si kabla ya ada kulipwa kama wazazi ndio wanaolipa. Kifungu cha 18 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinakupa haki ya kubadili dini au imani, lakini ziko nchi ambazo kuritadi, yaani kuiacha dini, ni jinai, na azimio halitafika kituo cha polisi kabla yako. Ukishasema, gawanya wajibu wako mafungu matatu na uwaambie wazazi lipi liko wapi: utakayoendelea kuyafanya, utakayohudhuria kimya bila kutamka maneno, na usiyoyafanya tena. Kusimama kwenye ibada ya arusi ya dada yako ni fungu la pili. Kukiri imani mbele ya watu usiyo nayo ni la tatu, na mzazi asikulazimishe.

Halafu andikeni, mzazi na mwana katika kila nyumba, mnavyotaka kuzikwa: nani aoshe, nani aongee, sala ipi isomwe au isisomwe, na nani ana neno la mwisho mkitofautiana. Tieni sahihi mbele ya mashahidi wawili, nakala moja akae nayo mtu asiye mrithi. Huo uwe mjadala wenu wa kwanza wa dini.